Majina ya Kijani

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Shule zimefunguliwa leo, na mvua nayo. Naandika kwa mkono, katika daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, kwa sababu karatasi haingoji umeme. Mwenye kompyuta anayeandika daftarini ni kama muuza mikate anayekula viazi. Lakini viazi vinashibisha.

Kompyuta ni mgonjwa. Nikiiwasha asubuhi naenda kununua makaa, nawasalimu majirani wawili, nagombana na mmoja, narudi, bado inawaza. Rémy, fundi wetu hapa Majengo, Goma, ameipima leo kwa namna ya daktari, yaani ametikisa kichwa kabla ya kuigusa.

"Mama Kasoki, hii XP imezeeka. Tuitoshe, itoke, tuweke Seven."

"Na vitu vyangu?"

"Vitu vitabaki. Reglaji tu njo zitaenda, mipangilio."

Nikamuuliza reglaji ni nini kama si vitu. Akaomba chai.

Nitakubali, sina njia. Kuna shirika la msaada linataka tuwachapie wakimbizi kadi, na programu yao inaikataa mashine yangu. Lakini nitakubali polepole.


Alhamisi, 6 Septemba

Mvua. Wateja: mbuzi mmoja, aliyejikinga.


Jumanne, 11 Septemba

Rémy ameuliza ni reglaji gani ninazozililia. Sikumjibu. Nazijibu hapa.

Ukiwasha mashine yanatokea majina mawili: Edmond na Kasoki. Edmond ni mume wangu. Amekufa mwaka jana mwezi wa kumi, kwa ugonjwa wa figo. Mjini hapa watu wakisikia mtu amekufa wanauliza risasi ya nani. Nikisema figo, wananitazama kama niliyewapunja habari.

Yeye ndiye aliyekuwa mpiga foto. Mimi ni wa kuandika barua na kukaripia. Ukiingia kwa jina langu unapigiwa muziki wa kiwandani. Ukiingia kwa jina lake, mshale ni mkubwa kwa ajili ya macho yake, saa iko mbele ili tuwahi misa, na kabla ya yote sauti yake inasema: "Karibu, mama, keti." Aliirekodi kwa ajili ya wamama wa vijijini waliokuwa wanaiogopa mashine na kusimama mlangoni kama wanaodaiwa. Mashine ikiwakaribisha walicheka, wakakaa, foto ikatoka nzuri.

Naingia kwa jina lake kila asubuhi. Sina kazi huko. Nakaribishwa, nakaa, natoka, naingia kwa jina langu, nafanya kazi.

Kazi moja tu inanilazimisha kwenda kwake: foto za kijani. Alipoanza kufanya komunyo na ndoa za barabara ya Rutshuru, Kibumba hadi Kalengera, aliona wenye bunduki wanapenda kuingia studio na kuuliza huyu ni nani, yule anakaa wapi. Basi akazifunga foto hizo, moja baada ya moja, kama mwanamke anayefunga chikwangue kwenye majani, na majina yake yakageuka kijani. "Wakiiba mashini," alisema, "wasipate watu." Kwa jina langu hazifunguki. Kwa jina lake zinafunguka kama mlango wa nyumbani.


Jumapili, 23 Septemba

Philomène, dada ya Edmond, amekuja kutoka mtaa wa Himbi kupanga kutosha matanga, sherehe ya kumaliza msiba baada ya mwaka. Tarehe 13 mwezi ujao. Amepanga pia viti vyangu, sufuria zangu na uso wangu: "Siku ile usilie sana, utaharibu sherehe." Watu wa Bukavu wanasema sisi wa Butembo tunapenda kuamrisha. Hawajawahi kukaa meza moja na muramu wangu huyu.


Ijumaa, 5 Oktoba

Umeme umekwenda. Volkano ya Nyiragongo peke yake ndiyo yenye mwanga, nayo haiuzi.


Jumanne, 9 Oktoba

Bado giza. Mchana amekuja mwanamke kutoka kambi ya Kanyaruchinya, miguu ina vumbi jeusi hadi magotini. Akasimama mlangoni.

"Papa wa foto iko?"

"Amekufa, mama. Mwaka umeenda."

Akakaa kwenye ngazi akamlilia Edmond, kilio cha kweli. Kisha akajifuta kwa kitenge, ndipo akatoa shida yake, kama mtu anayelipa kwanza. Anaitwa Pascasie, wa Kalengera. Mwezi wa saba, vita vilipofika kwao, binti yake Joviale alikuwa sokoni. Watu wa soko walikimbilia Bunagana, watu wa nyumbani walikimbilia Goma. Tangu siku ile hajamuona. Kuna watu wanaotafuta watoto waliopotea. Wamemwambia alete foto.

"Foto yetu ilikuwa ukutani. Balichoma nyumba, foto ikaenda nayo. Lakini papa Edmond alimupiga siku ya komunyo. Nilisema, kama foto iko fasi ingine, itakuwa kwake."

"Iko, mama. Namukumbuka. Iko ndani ya mashini."

"Basi nipe."

"Kuran haiko, umeme umekatika. Rudi Jumatatu."

Ameitazama mashine kama mama anayetazama mlango wa hospitali. Kisha akaniaga na kuiaga.


Jumamosi, 13 Oktoba

Tumetosha matanga. Nitaandika yote, maana nimechoka kuyarudia kichwani.

Misa ilikuwa nzuri. Kwa ajili ya muziki Philomène alikodi jenereta, na uwanja ukawa na mwanga na kelele za kutosha wafu wa mtaa mzima. Alasiri zikagawanywa nguo za Edmond. Koti kwa binamu, viatu kwa katekista, mkanda kwa Rémy, ambaye aliuvaa palepale juu ya mkanda wake.

Wageni wakataka kuona foto za marehemu. Nikavuta waya wa jenereta hadi dukani, nikawasha, nikaingia kwa jina lake bila kufikiri. Spika zilikuwa wazi.

"Karibu, mama, keti."

Wamama wawili waliokuwa wamesimama wakakaa. Mmoja akapiga ishara ya msalaba. Philomène akapiga ukelele.

"Kasoki! Ni nini hii? Leo tunamutosha, na wewe uko unamufungulia mulango?"

"Ni reglaji yake tu, dada."

"Reglaji gani? Njo maana haukonde, haunenepe, haulale! Nguo zimeenda, viatu vimeenda. Mutu hatoke na kuacha muguu mumoja ndani. Tosha jina."

Watu wote walikuwa wananitazama, na alivyosema ndivyo ilivyo. Siku ya kutosha matanga huachi kitu cha marehemu kikiwa kimesimama kinamngoja. Hata kikombe chake kinapinduliwa. Mimi mwenyewe ningemwambia mjane mwingine hivyohivyo.

Nikatoka kwake, nikaingia kwangu, nikalichagua jina lake na kubonyeza kufuta. Mashine ikauliza kwa adabu kama nataka kuhifadhi mafaili yake. Nikasema ndiyo. Ikakusanya vitu vyake vya juu ya meza, ikavitia katika bahasha moja yenye jina Edmond. Nikafikiri: tazama, hata mashine inajua kugawa urithi. Watu wakapiga makofi. Philomène akanikumbatia, naye akalia sana, akaharibu sherehe.


Jumatatu, 15 Oktoba

Umeme umerudi jana. Pascasie amefika kabla sijafagia.

Foto za kijani ziko palepale, kwenye upande wa diski ambao sikuugusa, katika bahasha ya Rutshuru. Joviale 1. Joviale 2. Joviale 3. Nikabonyeza.

Accès refusé.

Nikabonyeza ya pili, na ya tatu. Nikabonyeza ya bwana harusi wa Kibumba nisiyemhitaji kabisa. Accès refusé. Yaani umekatazwa kuingia; mashine haikuongeza neno, kama afande wa mpakani.

"Iko?" akauliza Pascasie.

"Mashini iko mugonjwa, mama. Rudi Jumatatu."

Mimi ni hodari wa uongo mdogo. Huu ulinikwama kooni kama mwiba wa sambaza, samaki wetu wa ziwani.


Jumanne, 16 Oktoba

Rémy alipekua mashine hadi mchana, akaenda saiba ya intaneti kusoma, akarudi bila kuomba chai. Ndipo nikaogopa.

"Mama Kasoki, ile kufuli, funguo yake haiko kwenye foto. Iko ndani ya jina. Mashini ilikata funguo siku ileile ya kwanza papa alifunga, ikaiweka kwake. Ulipolitosha jina…" Akaushika ule mkanda wa Edmond tumboni. "Ni kama mumezika mutu na funguo mufukoni."

"Tumufukue."

"Huyu hafukuliwe."


Jumatano, 17 Oktoba

Leo nimetengeneza Edmond mpya. Jina lilelile, nenosiri lilelile. Nikamwekea mshale mkubwa, nikasogeza saa mbele, nikamrudishia ile picha ya ziwa aliyoipenda. Kwa kumtazama ungeapa ndiye. Nikampeleka kwenye foto za kijani.

Accès refusé.

Hakukuwa na sauti pia. Nilikaa bila kukaribishwa.


Jumatatu, 22 Oktoba

Pascasie alikuja. "Bado mugonjwa?" "Bado." Akaipapasa mashine mgongoni.


Jumatatu, 29 Oktoba

Alikuja. Mvua kubwa. Amenisimulia hadithi nzima ya jinsi Joviale alivyo mkaidi: ni wa mkono wa kushoto, na amekataa kuuacha. Katekista alimpiga, mwalimu alimpiga, bibi alimfunga kitambaa. "Hata kikombe anashika na kushoto, na bega linapanda hivi." Akainua bega lake. Mateso yangu ni kwamba nilicheka.


Jumatatu, 5 Novemba

Nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakatoka mengine.

"Mama Pascasie, mashini haina ugonjwa. Ni mimi. Siku ya matanga nilitosha jina la bwana yangu, na funguo ya foto ilikuwa ndani ya jina. Foto iko, lakini haifunguke tena."

Mvua ilikuwa inapiga. Bati likasema kwa ajili yetu sote.

"Ulitosha matanga ya bwana yako," akasema mwishowe. "Ni vile banafanya. Mimi niko natafuta hata kujua kama niko na matanga ao hapana."

Kisha: "Nionyeshe basi jina lake."

Nikamfungulia bahasha. Orodha ya kijani, mstari juu ya mstari. Nikaweka kidole: hapa, Joviale.

"Mi sijue kusoma, mama. Kwangu zote ni nyasi."

Edmond alikuwa na desturi yake kwa wateja wasiojua kusoma: hakuwaonyesha majina kamwe, aliigeuza bahasha ionyeshe foto ndogondogo, mteja akachagua mwenyewe kwa kidole. Miniatures, mashine inaziita. Nikafanya hivyo kwa mazoea tu, kwa aibu, ili awe na kitu cha kutazama hata kama ni madirisha matupu.

Hayakuwa matupu.

Walikuwepo wote. Bwana harusi wa Kibumba, wasimamizi, mapadri, mashada, kila mmoja mdogo kama stempu. Na msichana wa gauni jeupe, mshumaa mkono wa kushoto, bega limepanda.

Pascasie hakulia. Akasogeza uso hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Huyu," akasema, kama wateja wote wa Edmond walivyokuwa wakisema. "Huyu hapa."

Nikabonyeza kuikuza: Accès refusé. Nikarudi nyuma haraka kabla haijabadili mawazo. Rémy amenieleza baadaye kwamba mashine, kila Edmond alipoonyesha zile ndogondogo, ilijiwekea nakala zake pembeni, na nakala hizo hakuna aliyezifunga. Sikujua hilo. Nilijua kitufe cha kupiga picha ya kioo chenyewe. Nikakibonyeza, nikakata, nikachapa mbili.

Nilijaribu pia kuikuza ile iliyochapwa. Uso ukawa vigae, kama ukuta wa choo cha askofu. Pascasie akaikataa. "Ile ndogo njo yeye."

Akaondoka na moja ya kuwapelekea wanaotafuta watoto, na yake mwenyewe ndani ya pindo la kitenge, na fundo juu yake.


Ijumaa, 9 Novemba

Wanaotafuta watoto walisema foto ni ndogo sana. Pascasie aliwaambia hata mutoto ni mudogo. Wameichukua.


Jumatano, 14 Novemba

Leo Seven.

Rémy alitaka kufuta kila kitu kwanza. "Tunaformate, inakuwa safi." Nikasimama kati yake na mashine. Nimewahi kusafisha mara moja mwaka huu, nikamwambia, inatosha.

"Basi itaweka ya zamani yote kwenye bahasha moja, Windows.old. Itakula nafasi."

"Iache ile."

"Ni kujenga nyumba mupya na kuacha ya zamani ndani ya saluni, kwenye sebule."

"Rémy, unaweka ao hauweke?"

Akaweka. Kumechukua alasiri yote. Umeme ulipepesa mara moja, nikaahidi novena, ukatulia. Mwishoni ikatokea kitu cha buluu kizuri sana, haraka, kama duka la Mzungu. Barua zangu zipo. Printa inaitika. Nikaenda bahasha ya Rutshuru. Majina ya kijani yapo. Nikageuza kwenye foto ndogondogo: kwa kila jina, kijipicha kimoja cha mlima, kilekile, kilekile. Seven haisomi nakala za mzee wake.

Wote wamekwenda. Amebaki mmoja, ndani ya pindo la kitenge kule Kanyaruchinya.


Alhamisi, 15 Novemba

Mizinga upande wa Kibumba. Yule mtu wa kadi za wakimbizi amepiga simu: kazi imeahirishwa, yeye yuko ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo kadi hazijachapwa, na wakimbizi wanaongezeka.


Jumapili, 18 Novemba

Kanyaruchinya imehama.

Imepita mbele ya duka langu kuanzia asubuhi, kambi nzima, barabara imejaa ukuta hadi ukuta. Magodoro, mbuzi, chukudu, zile skuta za mbao, zimebeba bibi badala ya viazi. Hakuna aliyepiga kelele. Nilichosikia ni miguu tu, miguu kwenye mawe ya volkano, mfano wa mahindi yanayopukuchuliwa. Nilisimama kwenye ngazi kumtafuta Pascasie. Nyuso zilikuwa nyingi mno na zilikwenda haraka, na nikaelewa jinsi ilivyo kutafuta mtu mmoja. Sikumuona.

Mlio mkubwa ukaanguka karibu. Majirani wakaanza kufunga. Nikaifungua mashine na kutoa diski, kama Rémy alivyowahi kunionyesha, nikaizungushia foronya. Nilikuwa nataka kuifukia kwenye gunia la maharagwe wakati mlango ulipogongwa kwa mateke.

Philomène. Ametoka Himbi kwa miguu, dhidi ya watu wote wanaokimbia, mwanamke mwenye presha na viatu vya misa.

"Unangoja nini, wewe? Bakupikie chai? Twende kwangu!"

"Nafunga diski."

"Nini iko ndani?"

Nikasema: foto zake. Barua zake. Vilivyobaki.

Akanitazama. Nilingoja aniambie habari za mguu mmoja ndani. Akanyoosha mikono, akaichukua foronya, akaiweka mgongoni na kuifunga kwa kitenge, fundo kifuani, kama mtoto mchanga. Akajaribu fundo.

"Haitaanguka," akasema. "Huyu nilimubeba hata zamani, akiwa mudogo. Alikuwa muzito kuliko hii."

Tukatoka. Njia nzima hadi Himbi, kila mlio, mkono wake ulikwenda nyuma kuipigapiga.

Mwezi wa tisa niliandika kitu juu ya muramu wangu na meza. Sikifuti, lakini nakiandikia hapa mwenzake.


Jumanne, 20 Novemba

Mji umechukuliwa. Hakuna maji, hakuna umeme. Philomène anaamrisha ndoo.


Jumapili, 25 Novemba

Misa. Padri alihubiri kifupi. Nadhani hata yeye hajui tuko chini ya nani.


Jumamosi, 1 Desemba

Wale waliochukua mji wameondoka. Wamebeba vitu. Duka langu limevunjwa, lakini sanduku la kompyuta wameliacha. Labda walilipima wakaona ni jepesi.


Jumanne, 4 Desemba

Rémy amerudisha diski. Inawaka. Philomène aliambatana nami. Kwake diski bado ni mtu wa kusindikizwa.

Rémy akitafuta nafasi akasema, "Sasa tufute ile Windows.old. Imejaa vitu bila maana." Akaanza kunisomea vitu hivyo bila maana, kimoja kimoja, ili nione aibu. Sauti za kiwandani, sauti za kiwandani, sauti za kiwandani, karibu.

"Karibu gani?"

"Wav tu, faili ya sauti. Karibu."

Akaibonyeza.

"Karibu, mama, keti."

Sauti haikuwa na kufuli. Ilikuwa imelala katika nyumba ya zamani, saluni, miongoni mwa sauti za kiwandani, kwa sababu Edmond aliiweka pale zinapowekwa sauti na hakuona sababu ya kuificha.

Philomène, aliyekuwa amesimama, alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakaa.

"Niitoshe?" nikamuuliza.

"Matanga tulimaliza," akasema. "Sasa ni mugeni tu. Mugeni anaweza kukaribisha wageni."

Rémy ameiweka kwa jina langu, mahali pa muziki wa kiwandani.


Jumamosi, 8 Desemba

Pascasie yuko hai. Amekuja kutoka kambi ya Mugunga, ng'ambo ya mji. Amekonda, kitenge ni kilekile.

Alikuta umeme ndio kwanza umerudi na mashine inaamka. Alikuwa mlangoni. Mashine ikasema, "Karibu, mama, keti."

"Asante, papa," akasema Pascasie, akakaa.

Alisema hivyo bila kushtuka, kama mtu aliyechoka anayejibu salamu ya mtu anayemjua. Mimi ndiye niliyekwenda nyuma kutafuta kitu nisichokihitaji.

Kisha akafungua fundo. Foto ilikuwa imelainika kama kitambaa. Kule Mugunga, akaniambia, aliionyesha hema kwa hema. Watu walisema ni ndogo, hawaoni uso. Mama mmoja aliyepitia Bunagana akakimbilia Uganda na kurudi, naye akasema haoni uso. Akaitazama tena. Akasema: huyu anashika mshumaa na kushoto, bega juu. Kulikuwa na mtoto mmoja njiani, karibu na mpaka, hakuwa wa mtu. Alikuwa akishika kikombe hivyo. Homa ilimchukua siku chache. Mama huyu na wengine walimzika kando ya shamba la mahindi, wakaweka mawe. Mtoto alikuwa amesema jina lake. Walikuwa wamelisahau, hadi Pascasie alipolitaja.

Foto ilifanya kazi yake.

"Sasa niko na matanga," akasema Pascasie. Alikuwa anaitazama mashine, si mimi. "Hakuna mwili wa kulilia. Nataka nilie foto. Unaweza kuifanya kubwa?"

"Itakuwa vigae, mama. Ulikataa."

"Kweli. Nilikataa."

Nimemwambia kilio kifanyike uwanjani kwangu. Hema la Mugunga halitoshi kulia.


Jumamosi, 15 Desemba

Tumemlilia Joviale. Philomène alileta viti na turubai na amri. Rémy alivaa mkanda mmoja.

Kwa desturi foto ya marehemu inawekwa juu ya kiti, kubwa, katika fremu, ili hata anayeingia langoni aione na aanze kulia. Tuliweka kiti, kitambaa cheupe, mshumaa upande wa kushoto. Juu ya kitambaa ile stempu, bila fremu, maana hakuna fremu ya kiasi hicho. Kutoka langoni kiti kilionekana kitupu.

Watu wa Kalengera waliotawanyika walikuja, na wa Majengo wasiomjua. Kila aliyefika alipunguza mwendo, akakikaribia kiti, akainama. Hukuweza kumuona bila kuinama. Walikaa hivyo kwa muda, mikono magotini, nyuso chini kabisa, wanamtafuta, kisha unaona mgongo unatikisika na unajua wamempata.

Mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye kuinama kulimgharimu sana, akanyooka akiwa na hasira.

"Ninyi batu, foto ndogo hivi munaiweka ya nini?"

Pascasie alikuwa ameketi chini, karibu na mguu wa kiti.

"Ili mukaribie, papa," akasema.